Mwongozo kamili: shopingi ya wiki sokoni bila kurudi na rundo la vifungashio

Huu ni kwa ajili ya wale mnaokwama palepale kila mara. Mtu ananunua kikapu kizuri cha ukindu, anaanza kwa moyo kabisa, anaenda nacho sokoni, anarudi, anakimwaga mezani na kinachotoka humo ni vifungashio tu, nyanya kwenye chake, vitunguu kwenye chake, karoti kwenye chake, hadi pilipili mbili nazo zimefungwa na kupigwa fundo. Wiki ya pili kikapu kimesahauliwa nyuma ya mlango halafu unasikia "mimi nilijaribu nikashindwa".

Hujashindwa, ulianzia katikati. Mfuko wa kubebea ni sehemu ndogo ya tatizo. Plastiki nyingi inaingia ndani kwako kupitia vile vifungashio vya ndani na pakti ndogondogo za dukani, na hasara nyingine kubwa iko kwenye mboga unazonunua zikaishia kuoza. Vyote vitatu vinaamuliwa kabla hujafika kwenye meza ya muuzaji, ndio maana hatua tatu za mwanzo ziko nyumbani. Naomba usiziruke.

Mifano mingi ni ya Dar lakini aliyeko Mombasa, Arusha, Kisumu au Unguja utaratibu ni huohuo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kikapu kimoja kikubwa kinachosimama chenyewe. Cha ukindu, cha mkonge, kiondo, hata kile cha plastiki ngumu cha kusuka kama unacho tayari.
- Vimifuko vya kitambaa chepesi, vitano au sita, vyenye kamba ya kuvuta mdomoni. Kanga iliyochakaa au shuka la zamani linatosha, fundi cherehani wa mtaani anakushonea haraka tu.
- Makopo mawili yenye mfuniko usiovuja, moja la nyama na moja la samaki. Hotpoti iliyokwisha joto lake inafaa sana.
- Chupa moja ya mafuta ya kupikia, na ya maziwa kama unanunua ya kupima.
- Kipande cha kanga au taulo la kulowesha.
- Karatasi na kalamu, au simu.
- Chenji. Noti ndogo na sarafu.

Onyo la kwanza: ndoo au kopo lililowahi kuwa na rangi, dawa ya mimea au kemikali yoyote halibebi chakula, hata ulisugue vipi. Na chupa iliyowahi kuwa na mafuta ya taa usiiweke kabisa karibu na jikoni, watoto wengi wamekunywa mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa kwenye chupa ya soda.

Onyo la pili: usiende kununua vitu vipya ili "uanze vizuri". Hapa watu wengi wanapotea. Mwaka 2011 Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilitoa hesabu ya mifuko ya kubebea, ikaonekana mfuko wa pamba inabidi utumike mara 131 ndio mchango wake kwenye joto la dunia ulingane na kile kimfuko chepesi cha plastiki kilichotumika mara moja tu. Ile ya supamaketi inayofanana na kitambaa ni mara 11, wa karatasi mara 3. Sababu ni kwamba pamba inalimwa, inakunywa maji, inawekwa mbolea, inapita kiwandani, vyote hivyo vinahesabika. Sasa hesabu ile inaangalia hali ya hewa, haikugusa mfereji ulioziba pale Jangwani wala ng'ombe aliyemeza mfuko, kwa hiyo isikufanye uone rambo ndio salama. Inachokuambia ni kimoja: mfuko mzuri ni ule ulionao tayari, utumie mpaka uchanike, ushone, uendelee kuutumia. Mtu mwenye mifuko ishirini ya pamba kabatini ameharibu kuliko yule mwenye kikapu kimoja kilichokatika mkono akaufunga kwa kamba.

Na hiyo mifuko ya supamaketi inayofanana na kitambaa ujue ni plastiki, inaitwa polipropilini. Ukiiacha juani muda mrefu inaanza kupukutika unga, hiyo ni plastiki inakatika vipandevipande. Kama unayo tumia, ila ikianza kupukutika usibebee chakula.

## Hatua ya 1: Fungua ndoo ya taka uangalie

Kabla hujabadilisha chochote, wiki moja tenga taka zako mahali pawili. Upande mmoja plastiki zote, upande mwingine chakula chote kilichotupwa, maganda pembeni na vile vilivyooza pembeni.

Kwa nini? Kwa sababu kila nyumba ina ugonjwa wake. Kuna nyumba tatizo ni vifungashio vya sokoni, kuna nyumba ni pakti za sabuni ya unga na maziwa, kuna nyumba ni chupa za maji tupu, na kuna nyumba plastiki ni chache kabisa ila kila Jumamosi wanatupa mchicha na nyanya. Ukianza bila kujua ugonjwa wako utahangaika na kikapu wakati shida yako ni friji.

Unajua umefanikiwa pale unapoweza kutaja vitu vitatu vinavyoongoza kwenye taka zako bila kuangalia. Andika. Hivyo vitatu ndio utavipiga vita kwanza, vingine viache vipumzike.

## Hatua ya 2: Kagua jikoni halafu andika oda

Hii inadharauliwa sana na ndio yenye uzito kuliko zote.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, linasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani zaidi ya bilioni moja za chakula ambacho kilikuwa kimeshafika madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Majumbani, yaani jikoni kama kwako na kwangu. Chakula kikitupwa unakuwa umetupa na maji ya kumwagilia, mbolea, na dizeli ya lori lililotoa nyanya Iringa au kitunguu Mang'ola. Halafu kikifika dampo, iwe Pugu Kinyamwezi la Dar au Dandora la Nairobi, kinafukiwa chini ya taka nyingine, hakipati hewa, kinaoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto dunia takribani mara 28 zaidi ya kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule.

Kwa hiyo fanya hivi:

Fungua friji, kabati, na kile kikapu cha viazi cha chini. Andika kilichopo. Halafu panga milo ya siku nne au tano tu, usipange saba, maana siku mbili lazima zitaingiliwa, kuna mgeni, kuna msiba, kuna siku umechoka unanunua chipsi.

Oda yako igawe mara mbili. Upande mmoja vitu vinavyokaa wiki na zaidi: vitunguu, viazi, karoti, nazi, tangawizi, limao, mchele, maharage, unga. Upande wa pili vitu vya siku mbili tatu: mchicha, matembele, kisamvu, kotmiri, nyanya zilizoiva sana, ndizi mbivu. Vya upande wa pili usinunue vya wiki nzima hata kama mafungu yanashawishi. Mchicha wa wiki nzima haupo jamani, unanunua wa Jumamosi na Jumapili, wa Jumatano utaupata kwa yule anayepita na beseni mtaani.

Tahadhari: neno "bei ya kutupa" limeozesha nyanya nyingi sana. Sado nzima ya nyanya kwa bei nzuri ukaja kutupa nusu umenunua kwa bei mbaya. Kama unataka sado nzima uwe na mpango wa siku hiyohiyo, uzichemshe, uzisage, zikae kwenye makopo kwenye friza.

Ukimaliza unatakiwa uwe na oda fupi yenye kiasi. Usiandike "nyanya", andika "nyanya mafungu mawili".

## Hatua ya 3: Panga vyombo ndani ya kikapu usiku

Kila kitu kwenye oda kiwe kimepata chombo chake. Makopo chini, vimifuko juu vimekunjwa, chupa ya mafuta pembeni ikiwa kavu kabisa. Kikapu kikae mlangoni au kwenye gari, au kwenye begi la kazini kama sokoni unapitia jioni ukitoka kazini. Wanaosahau kikapu karibu wote ni wale wanaopita sokoni wakitoka kazini, kwa hiyo nyie wekeni vimifuko viwili vitatu kwenye begi moja kwa moja, visitoke humo isipokuwa kwenda kufuliwa.

## Hatua ya 4: Mdomo utangulie mkono wa muuzaji

Hapa ndio penyewe, nisome taratibu.

Simama kwenye meza ya nyanya pale Mabibo au Buguruni uangalie mkono wa muuzaji. Wewe unauliza "fungu shilingi ngapi", yeye ameshachomoa kifungashio kwenye lile fungu lililoning'inizwa kwenye mguu wa meza, amelowesha kidole, amekisugua mdomo kifunguke, amekipuliza, nyanya zimeshaingia, fundo limeshapigwa. Ukija kusema "usinifungie" atakufungulia kwa roho safi kabisa, atamwaga nyanya kwenye kikapu chako, na kile kifungashio kilichochanika kwenye fundo atakidondosha chini. Hujaokoa kitu, umehamisha tu mahali pa kutupia.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, toa kimfuko chako, kifungue mdomo, kishike mbele yake hivyo kimepanuka. Ndio uanze kuongea:

"Shikamoo mama. Naomba nyanya mafungu mawili, nimekuja na mfuko, nimiminie humu."

Kwa kijana mwenzio: "Kaka mambo, vitunguu kilo moja, usifunge, weka humu humu."

Kimfuko kilichofunguka kinaongea kuliko maelezo, mkono wake utakuja kwenye kimfuko chako wenyewe. Huna haja ya kumhubiria mtu habari za bahari na samaki wakati ana wateja watano nyuma yako.

Na mambo mengine ya hapo mezani:

Viazi, vitunguu, karoti, nazi, hoho, biringanya, ndizi, mahindi, hivi havihitaji mfuko wowote, vinaingia kikapuni vilivyo. Vimifuko vyako vihifadhi kwa vitu vidogo na vya kumwagika: njegere, maharage, dagaa, mchele, pilipili, karanga.

Watu wanakubali vifungashio vingi kwa sababu wanaogopa nyanya zitapondeka. Dawa yake ni mpangilio wa kununua. Anza na vizito, viazi na vitunguu na nazi, vikae chini, halafu karoti na hoho, malizia na nyanya, mchicha na ndizi mbivu juu kabisa. Zunguka soko kwa mpangilio huo hata kama inabidi upite meza ya nyanya uirudie baadaye.

Kama anapima kwa mzani apime kwanza kwenye sahani ya mzani halafu amimine, kama anapima kwa sado au kopo amimine moja kwa moja. Hivyo hakuna ugomvi wa uzito wa mfuko.

Vilivyokwisha fungwa, zile njegere zilizomenywa, mchicha uliokatwakatwa, karoti za kukwaruza, hizo ndio ngumu. Mtu anayetoka kazini saa moja usiku na watoto wanasubiri sitamwambia amenye njegere. Chagua kimoja ambacho kweli kinakuokolea muda, vingine nunua vizima. Vilivyokatwa vinaharibika haraka pia.

Onyo la sheria: Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, na kukutwa nayo tu ni faini kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Kenya marufuku ilianza 28 Agosti 2017 na adhabu yake ni kali zaidi, faini kuanzia shilingi milioni mbili za Kenya. Kwa Tanzania, vile vifungashio vyeupe vya kuonyesha ndani vimeruhusiwa kwa bidhaa zinazofungwa kiwandani, zenye maelezo ya mtengenezaji. Kutumia kubebea nyanya na vitunguu ni kukwepa sheria, NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, wamelisema hilo mara nyingi. Nakuambia ili ujue tu, usiende kumtishia mama wa watu na faini, yeye anavinunua kwa hela yake mfukoni na wewe ukimpunguzia matumizi anafurahi.

Utajua imekaa sawa siku muuzaji wako wa kila wiki akikuona kwa mbali anasema "leta mfuko wako". Wauzaji wanakumbuka, na mteja anayekumbukwa ndiye anayepata nyongeza.

## Hatua ya 5: Bucha, samaki, maziwa na mafuta

Hivi nunua mwisho kabisa, ukitoka hapo ni nyumbani. Kwa joto letu la pwani nyama ikizunguka kwenye kikapu zaidi ya saa mbili unatafuta kuumwa.

Bucha. "Kaka, nusu kilo ya mchanganyiko, pima halafu weka kwenye kopo." Nyama inapimwa kwenye sahani ya mzani kama kawaida, inakatwa, inaingia kwenye kopo lako. Akitaka kupima ikiwa ndani ya kopo, apime kopo tupu kwanza arudishe mzani sifuri, halafu uangalie namba mwenyewe. Kuna mabucha wanaweka gazeti ndani, kataa, wino wa gazeti haujatengenezwa kugusa nyama mbichi.

Samaki. Pale Feri, Kivukoni, waombe waliopo kwenye meza za kuparua wakusafishie kabisa, uje na kopo na vipande vya barafu kutoka nyumbani. Matumbo na magamba yakibaki palepale hayaji kunuka kwako.

Maziwa ya kupima. Chupa ya mdomo mpana ili mkono wa kuoshea uingie. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke imepinduliwa. Wenzetu Kenya wana zile ATM za maziwa, unaweka chupa yako chini ya bomba unapata ya kiasi cha hela yako. Popote uyanunuapo, chemsha.

Mafuta ya kula. Robo lita kwenye kifuko kilichopigwa fundo ndio kitu kinachonisikitisha kuliko vyote dukani, maana ule mfuko wenye mafuta ndani haufuliki, haurudiwi, wengi wanauwashia jiko. Nenda na chupa yako. Iwe kavu, tone la maji likiingia mafuta yataruka kwenye kikaango na kuharibika upesi. Iandike "MAFUTA" kwa maki pen.

Tahadhari ya usafi: kopo la nyama ni la nyama siku zote, la samaki ni la samaki. Yasiguse kachumbari ambayo haipikwi. Ukifika nyumbani yaoshwe hapohapo kwa maji ya moto. Kama kopo limepasuka au limekwaruzwa sana ndani, bakteria wanajificha kwenye mikwaruzo hiyo, lihamishie kwenye misumari na skrubu.

## Hatua ya 6: Duka la mtaani na zile pakti ndogo

Sabuni ya unga ya mara moja, majani ya chai ya siku moja, blubendi ya kijiko, kahawa ya kikombe, shampuu ya kuosha mara moja. Hizi pakti zina tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, plastiki na plastiki nyingine, mara nyingi na aluminiamu katikati, na kuzitenganisha ni kazi ghali. Ndio maana hakuna anayezinunua kama skrapu.

Kipimo changu dukani ni hiki: hii pakti ikiwa imetupwa barabarani, mwokota chupa atainama kuiokota? Chupa ya maji anainama, ina bei kwa kilo. Kopo la soda anainama mbio. Kasha gumu anachukua. Pakti ya sabuni ya unga anaipita, haitaokotwa na mtu yeyote, itabaki hapo mpaka mvua iisukume mfereji, kutoka mfereji hadi mto Msimbazi, kutoka Msimbazi hadi baharini.

Cha kufanya:

Sabuni, rudi kwenye mche. Unakatiwa kipande, hakina pakti, kinafua, kinaoshea vyombo.

Vitu vinavyokaa, sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni ya unga kama lazima, nunua pakti kubwa kwa kuchangia. Wapangaji watatu wa nyumba moja mkichanga mfuko mmoja mkubwa mkagawana kwenye makopo mnaokoa pakti nyingi na hela pia inapungua, maana ukipiga hesabu kwa gramu pakti ndogo ndio ghali kuliko zote. Najua kabisa mtu anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku, hali haijaruhusu, huyo simlaumu hata kidogo. Aanze na kitu kimoja tu, akimudu aongeze.

Soda, chukua ya chupa ya kioo, chupa inarudi kiwandani inaoshwa na kujazwa tena. Maji, chemsha na kuchuja au tumia dumu kubwa la kujazia, ukitoka beba chupa yako.

Supamaketi usipoteze muda mwingi. Mboga za kwenye trei zilizofunikwa nailoni ziache, sokoni zipo.

Fanikio la hatua hii utaliona polepole, wiki tatu nne, si wiki moja, kwa sababu una pakti za zamani za kumaliza.

## Hatua ya 7: Ukifika nyumbani usikae

Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua kama Alhamisi utapika au utatupa. Hapa nitakaa kidogo maana wengi mliofaulu sokoni mnaangukia hapa: mnasema "bila kifungashio mboga inanyauka". Ni kweli itanyauka ukiiacha hivihivi.

Mchicha, matembele, kotmiri. Toa majani yaliyooza, usioshe yote. Vingirisha kwenye kile kipande cha kanga ulicholowesha na kukikamua vizuri, weka chini ya friji. Kanga inatakiwa iwe na unyevu, isidondoshe maji, ikidondosha majani yanateleza kesho yake. Huna friji? Kata vikonyo kidogo, visimamishe kwenye kopo lenye maji kidogo, juu funika na kitambaa kibichi, weka kwenye kona yenye upepo na kivuli.

Nyanya. Zisioshwe mpaka siku ya kupika. Zitandaze, zisipandane, upande wa kikonyo ukiangalia chini, kwenye ungo au trei. Kila siku zipitie, iliyolainika ndio ya leo. Moja ikioza inaambukiza zilizo jirani, iondoe mapema.

Vitunguu na viazi. Tenganisha. Vikikaa pamoja vitunguu vinashika unyevu. Vyote vinataka upepo, viazi vinataka na giza. Kiazi kilichogeuka kijani usikile upande huo, kata sehemu ya kijani yote na kama kimekuwa kijani kizima tupa, kina sumu.

Ndizi na embe zinazoiva. Mbali na mboga zote. Zinatoa gesi inayoivisha vingine, ndio maana karoti na mchicha jirani yake vinachoka upesi.

Karoti. Kata majani ya juu, yananyonya maji ya karoti.

Mchele, maharage, unga. Kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Maliza cha zamani ndio umimine kipya, usimimine juu ya cha zamani, fukusi wanaanzia huko chini.

Nyama. Gawa kwa mlo kabla ya kugandisha. Ukigandisha kilo mbili kwa pamoja, siku unataka robo utayeyusha yote.

Halafu weka sehemu moja ya friji, mbele kabisa usawa wa macho, iwe ya "kuliwa kwanza". Kiporo, nusu hoho, kipande cha kabichi. Chakula kingi kinaoza kwa sababu kilisukumwa nyuma kikasahaulika.

Kipimo: siku ya tano mchicha wa mwisho umeshaliwa, nyanya bado zina ngozi iliyokaza, na karoti ikivunjwa inalia. Kama bado kuna kinachooza, punguza kiasi chake kwenye oda ijayo kwa theluthi moja. Usiongeze tu maarifa ya kuhifadhi, nunua kidogo.

## Hatua ya 8: Kilichobaki

Maganda ya viazi, ndizi, vitunguu na majani, mpe anayefuga au tengeneza mboji. Ndoo ya zamani iliyotobolewa matundu chini na pembeni, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda, geuza kila wiki. Ikinuka imezidi unyevu, ongeza makavu. Nyama na mafuta usiweke, utaita panya.

Kabla hujampa mfugaji maganda hakikisha hamna kipande cha plastiki wala kamba, kagua kwa mkono. Mbuzi na ng'ombe wanameza mifuko yenye harufu ya chakula, inakaa tumboni haitoki, mnyama anakonda huku anakula.

Chupa na makopo, suuza, kanyaga, weka kwenye kiroba pembeni umpe mwokota chupa wa mtaani kwako mkononi. Zikiwa safi anapata bei nzuri na hatalazimika kupekua ndoo yako.

Vifungashio ulivyokuwa navyo tangu zamani usivichome na usiwashie mkaa. Najua vinawasha haraka, lakini ule moshi mweusi unaingia kwenye mapafu yako na ya mtoto aliye mgongoni, na masizi yake yanatua kwenye sufuria. Jiko liwashe kwa karatasi, ganda kavu la chungwa au makumbi ya nazi. Vifungashio hivyo vioshe, vianike, virudie kufungia vitu vikavu mpaka vitoboke, halafu vijaze vyote ndani ya kimoja, kaza, ndio uweke kwenye taka inayochukuliwa na gari. Vikiwa vimoja vimoja upepo unavichukua kabla gari halijafika.